Ukumbi wa Siasa na Mwenye Ufunguo Wake

Mwezi wa Januari mwaka 2018 gazeti la Kifaransa liitwalo Le Monde lilichapa habari iliyowakosesha usingizi wengi katika bara letu: kwamba katika makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, jengo refu la karibu mita 100 ambalo serikali ya China ililijenga kwa dola za Marekani milioni 200 na kulikabidhi kwa Umoja mwaka 2012 likiwa zawadi, kila siku baada ya saa sita za usiku, wakati ofisi zilipokuwa tupu na watu wamelala, taarifa zilizohifadhiwa katika mitambo ya jengo zilikuwa zikisafiri kimyakimya hadi Shanghai, na kwamba jambo hilo liliendelea kwa muda wa miaka mitano kabla ya kutambuliwa. China iliikana habari hiyo na kuiita upuuzi, na wakuu wa Umoja nao wakaikana mbele ya hadhara. Mimi sina ithibati ya kumtia mtu hatiani, wala hiyo si nia yangu. Lakini hata msomaji akishika upande wa waliokana, hawezi kuliepuka swali ambalo habari ile iliacha nyuma yake: katika wafalme, marais na mawaziri wote waliopata kuketi katika ukumbi ule mkubwa wa watu 2,500, ni wangapi waliojua nyaya zilizofichwa ukutani mwake zilitoka wapi na zilikwenda wapi?

Nauliza kwa sababu siku hizi wasanifu majengo wanatuhubiria kumbi za namna mpya kwa ajili ya mikutano ya siasa, na sifa mbili hutajwa kila mara. Ya kwanza ni wepesi wa kugeuka, yaani kuta za kusukumwa, viti vya kuhamishwa na majukwaa ya kupanda na kushuka, hata chumba kilichokuwa cha kamati asubuhi kiwe cha halaiki jioni. Na ya pili ni kuunganishwa na mtandao, ili aliye Kigoma au Lodwar asikie, aonekane na ajibu sawasawa na aliyeketi mstari wa mbele. Sifa zote mbili nazipenda. Walakini naona katika mazungumzo hayo nyaya huhesabiwa katika jamii ya mapazia na mazulia, vitu vya kuletwa na mkandarasi baada ya waashi kuondoka, ilhali kwa rai yangu ni sehemu ya msingi wa nyumba, na mamlaka ya kuzifunga na kuzifungua yanastahili kuandikwa katika kanuni kwa wino ule ule unaoandika nani anaruhusiwa kuingia, nani ana haki ya kusema na nani anahesabu kura.

Kwamba umbo la chumba huongoza maneno yanayosemwa ndani yake si ugunduzi wa leo. Ukumbi wa wabunge wa London ulipoteketezwa kwa mabomu ya Wajerumani mwezi wa Mei 1941, Winston Churchill alisimama Oktoba 1943 akawaomba wenziwe wakijenge tena chumba kile kile cha mstatili, chenye mabenchi yanayotazamana, tena kidogo kisichowatosha wabunge wote, kwa hoja kwamba chumba kikubwa hupwaya siku ya mahudhurio haba, na kwamba nusu duara humpa mtu wepesi wa kuhama upande mmoja hadi mwingine polepole bila ya haya ya kukatiza sakafu mbele ya macho ya wote. Akakubaliwa, chumba kikafunguliwa mwaka 1950 kikiwa na viti 427 kwa wabunge zaidi ya 600. Miaka mingi baadaye wasanifu wawili wa Amsterdam, katika kitabu cha mwaka 2016 kiitwacho Parliament, walikusanya ramani za kumbi za mabunge ya nchi zote 193 za Umoja wa Mataifa, wakaona kwamba zinaangukia katika maumbo matano tu: nusu duara, kwato ya farasi, mabenchi ya kutazamana, duara kamili, na darasa. Matano! Mwanadamu aliyevumbua namna zisizohesabika za kupika mchele ameridhika na namna tano za kuketi kwa ajili ya kutawaliwa. Na hiyo ya tano ndiyo inayonitia huzuni, maana humo mwalimu anajulikana kabla ya kikao kuanza.

Wajerumani wana kisa kinachofaa kusimuliwa kwa kila diwani anayetaka kununua mitambo. Mjini Bonn, kando ya mto Rhine, msanifu Günter Behnisch aliwajengea wabunge ukumbi wa kuta za kioo, ili mpita njia aone kinachotendwa kwa jina lake, na viti akavipanga katika duara, ili waziri asiwe na mahali pa kumwinamia mbunge kutoka juu. Ulikuwa ukumbi wa insafu, nao ulichukua muda mrefu kukamilika. Ulipokuwa tayari mwaka 1992, Bunge lilikuwa limekwisha kupiga kura, Juni 1991, kwamba litahamia Berlin. Hilo lilikuwa pigo la kwanza. La pili lilikuja mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1992, pale wabunge walipoingia na mitambo ya sauti ikashindwa na kuta zile za kioo: aliyesimama kusema alionekana barabara kutoka kila upande, na hakusikika. Wakalazimika kufunga virago na kurudi katika jengo la zamani la mitambo ya kusukuma maji, walimokuwa wakikutania kwa muda, hadi mwaka uliofuata. Nakipenda kisa hiki kwa sababu waliokosea hawakuwa wazembe wala wezi. Walikuwa watu waadilifu waliotia fikra zao zote katika macho wakayasahau masikio.

Waswahili wa pwani walilishughulikia fumbo hilo la kuonekana na kusikika kwa chokaa na mawe ya matumbawe. Anayepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja ataona kando ya kuta za nyumba kiti kirefu cha mawe kilichojengwa pamoja na nyumba yenyewe, na anayepita Lamu ataona mbele ya mlango daka lenye vikalio pande mbili, mahali ambapo mgeni hupokewa kabla haijaamuliwa kama ataingia ndani. Baraza ile ni mali ya mwenye nyumba, na hata hivyo hamfukuzi mtu. Ni ya njia, na hata hivyo heshima ya nyumba humfanya mtu apime maneno yake. Kichochoro ni chembamba, kwa hiyo wa upande huu na wa upande ule wanasikilizana bila ya kupaza sauti, na apitaye katikati, atake asitake, amekwisha kuingia katika mjadala, kwani hawezi kupita bila ya salamu, na salamu ikijibiwa hoja hufuata. Mvua kubwa ikigeuza njia kuwa mfereji, watu hutembea juu ya baraza. Asubuhi hukaa wazee, mchana muuzaji hutandaza bidhaa zake, alasiri hutoka bao na dhumna, na baada ya sala ya isha huja kahawa na siasa. Jiwe ni lile lile, halijasukumwa hata shubiri moja. Ulaini wote wa jengo umo katika ada za watu wanaolitumia, na hilo ndilo ambalo hakuna mkandarasi anayeweza kulileta katika lori.

Na habari za mbali je? Hata hizo zilipatiwa mahali pake. Pale Jaws Corner, katikati ya Mji Mkongwe, ambapo wafuasi wa upinzani wamekuwa wakikusanyika miaka mingi kunywa kahawa na kutazama runinga, palitundikwa simu yenye tangazo kwamba mtu anaweza kupiga nchi za nje bure, na simu yenyewe haikuunganishwa na kitu chochote. Ni mzaha, lakini sijapata kuona ufafanuzi mfupi zaidi wa hali ya mwananchi aliyepewa chombo cha kusemea bila ya kupewa wa kumsikiliza. Na ng'ambo ya pili ya siasa, katika maskani ya Kisonge huko Michenzani, wafuasi wa chama tawala walikuwa na ubao wao ambao maandishi yake ya chaki, mengine ya hoja na mengine ya matusi yasiyostahili kurudiwa gazetini, yalisomwa na mji mzima. Ubao ule nisingeutetea kwa adabu yake. Nautaja kwa kuwa ulikuwa mtandao uliojengwa ndani ya mahali, na kila mtu alijua nani ameshika chaki.

Nisije nikadhaniwa kuwa nalia juu ya zama zilizopita, sharti niseme pia kwamba baraza hiyo ilikuwa ya wanaume. Wanawake walisikia kupitia dirishani, na rai zao, kama zilifika, zilifika kwa midomo ya wengine. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam kuingia TANU, aliwafuata katika vyama vyao vya ngoma, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa na viongozi wao, mahali pao na sauti zao. Yeye alielewa kwamba mkutano hauanzi na paa. Hapa ndipo ninapokiri ubora wa kuunganishwa: mama mwenye mtoto mchanga, mlemavu asiyeweza kupanda ngazi za ukumbi wa halmashauri, mvuvi aliyeko kisiwani na kijana aliyekwenda kutafuta maisha Muscat wanaweza leo kuhudhuria kikao ambacho baraza ya jana ingewaacha nje. Asiyelitaka hilo hajui anachokitetea.

Lakini turudi kwenye ufunguo. Mwezi wa Januari 2016 Waziri wa Habari wa Tanzania, Nape Nnauye, aliliarifu Bunge mjini Dodoma kwamba shirika la utangazaji la taifa halitaendelea kurusha vikao vyote moja kwa moja, kwa sababu ya gharama, na kwamba yatakayotokea mchana yataonyeshwa usiku baada ya kurekodiwa na kufupishwa. Ghasia zilizuka, na polisi waliingia ukumbini. Hebu tulitazame tukio hilo kwa jicho la mjenzi. Siku ile hakuna tofali lililoondolewa. Milango ilikuwa pale pale, viti pale pale, na roshani ya wageni pale pale. Hata hivyo ukumbi ulikuwa umekwisha kupungua: wananchi waliokuwa wameketi ndani yake kutoka Mtwara hadi Bukoba walitolewa kwa neno moja, pasi na kura. Kama mtu angependekeza kuziba roshani ya wageni kwa ukuta wa zege, pangehitajika ramani, zabuni na kibali, na gazeti lingepiga picha. Kuziba ile roshani kubwa isiyoonekana kulihitaji tangazo tu. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya sehemu za jengo zinazolindwa na sheria na sehemu zinazolindwa na hisani.

Wakenya wamelionja jambo hilo kwa upande wake wa pili. Katiba yao ya mwaka 2010, katika ibara ya 118, inaliamuru Bunge kufanya kazi zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi, na kwa hiyo mlango upo, tena umeandikwa. Walakini katika majuma ya Juni 2024 mjadala wenyewe wa Muswada wa Fedha ulifanyika mahali pengine, katika simu za vijana waliousoma kifungu kwa kifungu na kuufafanua kwa lugha za nyumbani, huku ndani ya majengo kura zikihesabiwa. Na tarehe 25 mwezi huo vijana wakaingia Bungeni kwa nguvu na damu ikamwagika. Siku kumi baadaye, tarehe 5 Julai, Rais William Ruto alizungumza na maelfu ya vijana katika mkutano wa sauti mtandaoni, akaulizwa maswali makali ambayo sidhani kama yangeulizwa mbele ya meza kuu yenye maua. Sitaki kusema kwamba chombo kingezuia maafa, kwani chanzo cha maafa kilikuwa katika maamuzi, na si katika majengo. Nasema tu kwamba taifa lililokuwa na nyumba ya kuzungumzia na chombo cha kuzungumzia liliviacha viwili hivyo vikae mbalimbali hadi jioni ya msiba.

Kuhusu viti vya kuhamishwa sina mengi, ila tahadhari. Kiti kinachohamishika huhamishwa na mtu, na aghalabu mtu huyo hufika kabla ya mkutano akiwa ametumwa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 nchini Tanzania inamfanya kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano wa kijiji chake, sawa kwa sawa. Lakini apitaye siku ya mkutano ataona chini ya mwembe turubai moja, meza moja yenye kitambaa, na viti vya plastiki vichache vilivyowekwa kivulini, na halaiki iliyobaki imekaa juani juu ya mizizi. Usawa ulioandikwa katika sheria umekwisha kupangwa upya na vijana wanne na mkokoteni. Ukumbi wa kugeuka wenye kanuni nzuri ungesema mpangilio wa viti ni wa nani, na ungempa mjumbe yeyote haki ya kuomba ubadilishwe kabla ya ajenda ya kwanza.

Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso aliyetunukiwa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, ameuchora ukumbi wa Bunge la Benin mjini Porto-Novo kwa kuufuata mti ambao chini yake wazee wa Afrika Magharibi hukaa kusuluhisha mambo yao, na ni mchoro wa kupendeza. Ningependa siku moja kumsikia msanifu wa cheo chake akieleza kwa ufasaha ule ule chumba cha seva kiko wapi na nani analala na ufunguo wake.

Kuna sehemu nyingine ya ukumbi ambayo husahauliwa, nayo ni vile vibanda vya wakalimani vilivyo nyuma ya vioo. Idadi ya vibanda huamuliwa na mchoraji wa ramani, na hiyo ndiyo idadi ya lugha ambazo mkutano utazisikia muda wote jengo litakapokuwa limesimama. Julai 2004, Joaquim Chissano wa Msumbiji alipowahutubia wakuu wenzake wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa kwa Kiswahili, wakalimani hawakuwa wamejiandaa, na waheshimiwa wakabaki wakigusagusa visikizio vyao; ilipita miaka mingi hata Februari 2022 Umoja ulipoipokea lugha hii miongoni mwa lugha zake za kazi. Katika jambo hili mtandao ni rehema kwelikweli, kwa maana mkalimani anaweza kuketi Zanzibar na kutafsiri kikao cha Addis Ababa, na lugha ya ishara ikaonekana katika kioo cha kila simu, bila ya kuvunja ukuta.

Ila mkutano wa mtandaoni peke yake nauogopa. Tarehe 29 Machi 2022 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliipokea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuwa mwanachama, nchi kubwa kuliko nyingine yoyote katika jumuiya, na walifanya hivyo kila mmoja akiwa mbele ya kioo chake. Jambo likapita vizuri. Lakini kazi ngumu ya siasa hufanyika ukumbini kwa sehemu na ushorobani kwa sehemu kubwa zaidi, pale wapinzani wawili wanaposimama na vikombe vya chai na mmoja akamnong'oneza mwenziwe kwamba kifungu cha tatu kikilegezwa kidogo watu wake watanyamaza. Na mtandao, kwa elimu yake yote, bado haujatupatia ushoroba wenye faragha ya kuaminika. Zaidi ya hayo, umempa mwenyekiti kitu ambacho hakuna mwenyekiti wa baraza aliyepata kuwa nacho tangu dunia iumbwe: kitufe cha kumnyamazisha msemaji asisikike na yeyote, hata na jirani yake. Mwenyekiti wa zamani alipogonga meza, mtu aliendelea kupiga kelele, na kelele zile zilikuwa ushahidi kwamba amekatizwa.

Kwa hiyo halmashauri, kaunti au chama kitakachojenga ukumbi wa namna hii kuanzia sasa, ningependa katika makabrasha ya zabuni pawe na ramani ya nyaya yenye saini, iliyobandikwa mahali pa wazi kama ilivyo ramani ya milango ya dharura, ikionyesha kila waya unaotoka nje ya jengo na jina la anayeumiliki. Pawe na kanuni kwamba kukata matangazo ya kikao cha wazi kunahitaji kura ya waliohudhuria. Pawe na kumbukumbu ya kila mara kitufe cha kunyamazisha kinapobonyezwa, ichapwe pamoja na muhtasari. Na mitambo iwe ile ambayo fundi wa mji ule ule anaweza kuifungua na kuitengeneza, kwani jenereta litazima, na mtaalamu aliyeko ng'ambo hatapokea simu. Hivyo vyote havina gharama kubwa. Gharama iko kwa msikilizaji. Mkulima anayefuatilia kikao cha saa nne kwa picha humaliza bando la siku kadhaa kabla ajenda ya mapato haijafikiwa, na ukumbi wa mabilioni ukawa umefungwa kwake kwa kukosa shilingi elfu mbili tatu. Makampuni ya simu yanajua namna ya kulitengeneza hilo, madhali namba za dharura hupigwa hata simu ikiwa haina salio. Ni juu ya mamlaka inayoyapa leseni kuliingiza sharti la vikao vya wazi katika leseni ijayo.